Kaseti Zenye Mkia

Ugomvi wenyewe ulianza Jumatatu asubuhi, na chanzo chake ni ufagio. Mama Kanda alikuwa anafagia kizingiti cha duka lake la kaseti na majarida. Kitindamimba wake, kijana wa miaka ishirini na nne ambaye mtaa mzima unamwita Chaja kwa kuwa anauza chaja na kava za simu kwenye meza nje ya mlango huohuo, akainua miguu ili ufagio upite. Macho hakuyatoa kwenye simu. Akasema:

"Mama, hilo vumbi unalofagia ndilo mteja wako pekee wiki hii."

Haya sasa! Yapo maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, na kama ni lazima amwambie, basi angoje kwanza ufagio uwekwe chini. Mama Kanda akasimama wima.

"Rudia."

"Nimesema ukweli tu, mama."

"Ukweli nao una adabu zake. Rudia kwa adabu."

Chaja akaiweka simu mezani, na hapo mama yake akajua jambo ni zito, maana simu ya Chaja hukaa chini pale tu mwenyewe anapolala. Akaeleza taratibu, kama mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo. Amezungumza na mnunuzi wa plastiki chakavu. Jamaa yuko tayari kuja na pikapu Jumamosi saa sita mchana, azichukue kaseti zote, na majarida ayapeleke kwa wanunuzi wa karatasi. Chumba kipigwe rangi, kiwe duka la simu la maana, na mama apumzike nyumbani.

"Watu wa rika langu hawanunui muziki, mama. Muziki siku hizi uko hewani."

"Hewani kuna mbu."

"Na habari zinatufuata wenyewe kwenye simu. Nani atanunua jarida?"

"Habari ikikufuata mpaka kitandani, jua ina njaa na wewe."

Mdomoni Mama Kanda alikuwa hodari, lakini moyoni neno lile liliuma. Liliuma kwa sababu lilikuwa kweli. Miaka thelathini na sita alikuwa katika chumba kile. Kaseti zilipanda ukutani kutoka sakafuni hadi darini, migongo yake imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Majarida yalining'inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, yamefifia rangi hata warembo wa jaladani wakawa wa kijani. Aliyenunua mara ya mwisho alikuwa mzee mwenzake, tena alikuja kuuliza njia, akaona haya kuondoka mikono mitupu.

"Sawa," akasema. "Nipe mpaka hiyo Jumamosi yako, saa sita mchana. Nikimuuzia mtu wa rika lako kaseti moja, moja tu, au jarida moja, duka linabaki, na neno plastiki sitaki kulisikia mpaka nichoke mwenyewe. Nikishindwa, pakia."

Chaja si mjinga, amelelewa na mfanyabiashara. Akaanza kuziba matundu. Mnunuzi asizidi miaka ishirini na mitano. Alipe kwa hela yake. Anunue kusoma au kusikiliza, si kupambia nyumba.

"Na asiwe amekuonea huruma, mama."

"Huruma? Mimi? Mwone huyu!"

Wakapeana mikono mbele ya shahidi, yule binti msusi wa ng'ambo ya barabara. Huyu alikuwa mchumba wa Chaja, na kila mtu alijua isipokuwa baba yake Chaja, ambaye aliambiwa mara tatu, na mara zote tatu akajibu, "Mambo ya hapo dukani msinishirikishe."

"Na shahidi hanunui," Chaja akaongeza haraka. Msusi akambinulia mdomo.

Basi Jumanne wakaingia wanafunzi watatu, wamevutwa na rangi za kaseti. Mama Kanda akajipangusa mikono, akawakaribisha kama wakwe. Wakashika kaseti, wakazigeuza, wakazinusa. Mmoja akauliza inachomekwa wapi. Mwingine akaziweka mbili masikioni kama hereni, wakapigana picha, wakacheka, wakasema, "Bibi, duka lako kali sana!" wakaenda zao. Nje, Chaja alikuwa anaangalia mawingu.

Jumatano akaja kijana mwenye nywele za rangi ya chungwa. Hakuzungusha maneno: anataka kaseti kumi na mbili. Kumi na mbili! Mama Kanda akaanza kumtajia waimbaji, huyu ana sauti ya asali, yule gitaa lake linaongea, na kijana akawa anatikisa kichwa tu.

"Yoyote, bibi. Bora ziwe za rangi tofauti. Natengeneza taa ya sebuleni."

Mama Kanda akamtazama. Angeweza kunyamaza, ampe, kisha aape kuwa hakusikia. Lakini mkono wake ulikuwa umeshazirudisha kaseti rafuni.

"Taa haina masikio," akamwambia. "Nenda kanunue chupa."

Alhamisi hakuja mtu kabisa, hata wa kuuliza njia. Mama Kanda akachukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi rafu baada ya rafu, anaongea peke yake. Na hapa lazima nieleze jinsi kazi yake ilivyokuwa, maana bila hilo hamtaelewa kizaazaa cha Jumamosi.

Enzi zile mtu alikuwa anaandika orodha ya nyimbo anazozitaka, anaileta na kaseti tupu, anarudi kesho yake kuchukua. Mama Kanda alikuwa na mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, akirekodi mbili kwa mpigo: moja ya mteja, moja ya akiba, ili mashine ikiitafuna ya mteja asije akalia hapo kaunta. Sasa, nyimbo hazijui kupima. Mwisho wa upande wa pili palibaki dakika tatu, nne, hazina kitu, na Mama Kanda ana chuki na kitu kitupu, kiwe sufuria au kaseti. Basi alikuwa anachomeka kipaza sauti, anakiweka kaunta, duka linajirekodi lenyewe: salamu, vicheko, ubishi, umbea, vyote. Kipande hicho alikiita mkia. Na hakuficha. Ukutani aliandika kwa rangi nyekundu, herufi za kumtosha hata kipofu wa jirani: SEMA VIZURI, KASETI INASIKIA. Watu walidhani ni utani. Wakacheka, wakaendelea kubwabwaja. Na nyumbani nani angesikia? Wimbo wa mwisho ukiisha, watu hugeuza upande. Hakuna anayengoja kaseti mpaka ikate.

Basi Alhamisi hiyo, alipofika rafu ya chini, kitambaa chake kikasimama kwenye kaseti moja iliyoandikwa "Za Kitindamimba". Hii haikuwa ya mteja. Zilikuwa nyimbo alizokuwa akimlalisha nazo Chaja, hapo chini ya kaunta, kwenye boksi la majarida. Na mkia wake aliujua neno kwa neno. Akaishika kwa muda. Angeweza kumwita mwanawe sasa hivi, ampigie ule mkia, na mambo yakaisha kwa machozi. Lakini hiyo ndiyo huruma yenyewe, tena ya kuombaomba. Akaisukuma nyuma kabisa, nyuma ya nyingine, na akajikemea kwa sauti.

"Mfanyabiashara halii kwa mteja," akasema.

Ijumaa, mchana kweupe, akaingia binti wa fundi bomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo uliyoshika imefanya nini?"

Ilikuwa kaseti, matumbo nje, utepe umesokotana kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Binti alikuwa ameikuta chini ya boksi la spana za baba yake. Anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, akaeleza, na ana jambo linalomnyima usingizi: baba yake amekataa muziki harusini. Kata kata! Amesema watu watakula, wataomba dua, wataenda kulala. Muziki ni wa wavivu.

"Baba yako wewe?" Mama Kanda akauliza. "Fundi bomba?"

"Ndiyo, bibi. Hata redio nyumbani ni ya taarifa ya habari tu. Ndiyo maana nimeshangaa kukuta hii."

Mama Kanda akaleta bisibisi ndogo, mkasi, na kipande cha selotepu chembamba kama ukucha. Akaifungua, akakata palipoharibika, akaunga, akaingiza kalamu tundini na kuzungusha, taratibu, mpaka utumbo wote ukarudi tumboni. Binti alitazama kwa mdomo wazi. Kisha Mama Kanda akaitia mashineni, na badala ya kuanza na nyimbo, akaipeleka mbio mpaka mwisho wa upande wa pili.

Mkwaruzo kidogo. Halafu sauti ya kijana, nyembamba, yenye haraka:

"Dada, ongeza na ule wa taratibu! Yule binti wa duka la vitambaa akiusikia ule, mimi nimemaliza kazi! Mzee amenifungia mlango nisiende dansini, lakini dirisha hajalifunga, eh? Nakwambia, siku nikioa mimi, watu watacheza mpaka viatu viishe soli!"

Kisha akaimba. Lahaula! Aliimba kama bomba lenye hewa, na duka zima kwenye ile kaseti likaangua kicheko.

Binti wa fundi bomba alikaa chini sakafuni. Hakuketi, alianguka kwa kucheka. Machozi yakamtoka, akapiga sakafu kwa kiganja. "Baba! Huyo ni baba! Na binti wa duka la vitambaa ni mama!" Mama Kanda naye akacheka mpaka akashika kaunta, na katikati ya kicheko akakumbuka masharti. Binti ana miaka ishirini na mitatu! Ana hela yake, anafanya kazi. Hana huruma hata chembe.

"Baba yako ana nyingine nne hapa," akasema. "Za akiba."

"Bibi, nazitaka!"

Nje, kiti cha Chaja kililia. Alikuwa amesimama.

Sasa sikilizeni kosa. Duka lile lina sheria ya tangu siku ya kwanza: mteja anaonja nusu dakika, basi. Ukitaka zaidi, nunua. Sheria hiyo Mama Kanda aliwabana nayo wakubwa kwa wadogo, hata mumewe. Lakini siku hiyo furaha ilimpanda kichwani. Akapiga mkia wa kwanza wote, wa pili wote, wa tatu, wa nne, anaongeza na sauti juu, na binti wa watu kasimama karibu na spika, mkono mbele, anacheka. Ulipokatika wa nne, binti akaushusha mkono, na ndani ya mkono ilikuwamo simu.

"Nimeshazichukua zote, bibi! Asante sana, Mungu akupe maisha marefu!"

Akatoka mbio, na kaseti yake ileile ya baba yake.

Mama Kanda alibaki na kidole juu ya kitufe. Kutoka nje ikaja sauti ya Chaja, anajizuia asicheke lakini hawezi.

"Mama, huyo ameonja sufuria zima!"

"Nyamaza wewe!"

Lakini Waswahili walisema, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Jumamosi Mama Kanda anakuja kufungua duka saa mbili asubuhi, moyo mzito, funguo nzito, na anakuta watu mlangoni. Si mmoja, si wawili. Foleni imepita meza ya Chaja, imepita kibanda cha msusi, inakunja kona. Na mbele kabisa, spana mkononi, kofia imegeuka nyuma mbele, ni fundi bomba mwenyewe.

"Dada," akasema, akihema, "zimebaki ngapi?"

"Nini?"

"Usinifanyie hivyo, dada! Zangu! Zimebaki ngapi?"

Kumbe ile sauti ilifika kwenye kundi la simu la mtaa kabla jua la Ijumaa halijazama. Vijana walicheka mpaka wakalia. Lakini wazazi hawakucheka. Wazazi wakaanza kukumbuka, kila mmoja kwake. Wakakumbuka kaunta ile. Wakakumbuka yale maandishi mekundu ukutani. Wakakumbuka, kidogo kidogo, walichokuwa wakikisema mbele yake walipokuwa na miaka ishirini, na usingizi ukawaruka.

"Zako nne," Mama Kanda akasema.

"Nazichukua zote." Akalipa hata bei hakuuliza. "Na muziki harusini upo. Binti amenipa masharti: muziki, au ile sauti inakwenda kwa wakwe."

Ikawa vurugu tupu! Mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye miwani na heshima zake, aliinama kaunta akanong'ona, "Samahani, kuna yangu hata moja?" Alipoambiwa saba alifumba macho. Dereva wa lori alitaka yake na ya mkewe, na asiambiwe mkewe. Mtu mmoja mnene alidai hajawahi kufika duka hili maishani mwake, kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu aliyokuwa akisimama mbele yake zamani. Mama mwingine alijiona kwenye ukurasa wa marafiki wa kalamu katika jarida lililoning'inia pale, ana miaka kumi na tisa, kasuka mabutu, anatafuta marafiki wa kubadilishana nao mawazo na picha. Alilichomoa kwenye kibanio kwa kasi hata kamba ikalia.

Na nyuma ya wazazi, vijana! Walijaa mlangoni, simu juu, macho yanang'aa, wanataka kuwasikia baba zao walipokuwa hawajawa baba. Mama Kanda akapanda juu ya kigoda. Miaka ilimtoka mwilini, alijisikia ana thelathini.

"Simu mfukoni!" akapiga kelele. "Kila mtu, simu mfukoni! Kuonja nusu dakika! Na kaseti ya mtu anauziwa mwenyewe au damu yake, basi!"

Msusi alivuka barabara, akamwacha mteja wake kichwa nusu, akawa anashusha maboksi. Mashine ikawa haipumziki. Nusu dakika, cheko. Nusu dakika, "Mungu wangu, zima!" Nusu dakika, mtu anakumbatiana na mtu asiyesemezana naye tangu mwaka juzi. Mama Kanda aliuza zaidi asubuhi ile kuliko miaka kumi ikichanganywa.

Lakini kila alipomtazama Chaja, Chaja alitikisa kichwa. Miaka hamsini na mbili. Hamsini na saba. Sitini. Hakuna wa kuhesabika: vijana walionja tu, wazazi ndio waliolipa. Mara moja tu nusura apatikane. Mtoto wa mwisho wa mwalimu mkuu, kijana wa miaka kumi na tisa, alijipenyeza chini ya mikono ya watu, hela yake kiganjani, akafika kaunta.

"Ya mama," akasema. "Yoyote kati ya zile saba."

Mama Kanda akanyoosha mkono kumpa kaseti. Vidole vya kijana vikaigusa, wallahi vikaigusa, na mkono wenye bangili ukatokea juu ya bega lake ukaipokonya.

"Niliambiwa saba, nikahesabu sita," mwalimu akasema. "Nyumbani!"

Saa sita kasoro robo msongamano ukapungua. Rafu zilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Watu walikuwa bado wamejaa, wengi wamenunua na hawataki kuondoka. Chaja aliingia ndani, na uso wake haukuwa wa mshindi.

"Mama, umefanya maajabu. Mimi mwenyewe nimeona. Lakini hawa wamenunua ili wakazifukie. Kesho hawarudi. Na wa rika langu hata mmoja..."

"Masharti najua," Mama Kanda akamkata. "Usinisomee." Akaanza kukunja kitambaa cha mashine, akikunja vibaya, akikunjua, akikunja tena.

Hapo ndipo msusi, aliyekuwa magotini mbele ya rafu ya chini, akatoa kaseti moja nyuma ya nyingine.

"Mama, hii imeandikwa 'Za Kitindamimba'."

"Rudisha ilipokuwa."

"Kitindamimba si huyu?" akamwonyesha Chaja kwa kidevu, na watu wakaanza, iii, iwekeni hiyo, iwekeni! Fundi bomba ndiye alikuwa na sauti kubwa kuliko wote, maana aliyenyolewa hufurahi akiona wembe kwa mwenzake.

Chaja akacheka. "Iweke, mama. Mimi sina siri. Nionjeshe."

Mteja akiomba kuonja haulizwi sababu. Mama Kanda akaitia. Mkwaruzo, halafu sauti ndogo ya mtoto wa miaka minne, karibu kabisa na kipaza sauti, pumzi zinasikika:

"Mama, kaseti inanisikia?"

"Inakusikia," ikajibu sauti yake mwenyewe, changa.

"Hata nikinong'ona?"

"Hata ukinong'ona."

Kisha mnong'ono: "Nikikua, mimi..."

Tak! Mama Kanda akazima.

Chaja hakucheka tena. "Nikikua mimi nini?"

"Nusu dakika imekwisha."

"Mama! Hiyo ni sauti yangu!"

"Sauti yako, kaseti yangu."

Duka likalipuka. Na Mama Kanda, Mungu ndiye shahidi, alitaka kumpa. Moyo wote ulimwambia, mpe mtoto, akasikie, duka lifungwe, dunia haiishi. Lakini mbele ya kaunta hana mwana, na hilo Chaja alifundishwa tangu anatambaa. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika tisa.

"Ngoja dakika tisa tu, kijana!" dereva wa lori akamshauri. "Utashinda, kisha uisikilize bure!"

"Usingoje!" akapiga kelele mwalimu mkuu, miwani imekaa upande.

Honi ikalia nje. Pikapu. Mnunuzi wa plastiki, mtu mwenye kuwahi, akaingia na magunia begani, akatazama watu, akatazama rafu, na kwa kuwa hakuambiwa kuna mashindano, akaanza kazi. Akakumba lundo lililokuwa kaunta, na ile kaseti ilikuwa imeshatolewa mashineni, imelala juu ya lundo.

Mkono wa Chaja ukatua juu yake kwa kishindo.

"Hii si plastiki," akasema.

Mnunuzi wa plastiki akashusha gunia.

"Basi ni nini?" mama yake akauliza. Aliuliza polepole.

Chaja akaingiza mkono mfukoni, akatoa hela, akaziweka kaunta. Msusi akaruka kutoka magotini, akajipangusa, akasimama kama karani wa mahakama.

"Mnunuzi, umri wako?"

"Si unajua!"

"Umri!"

"Ishirini na nne."

"Hela ya nani?"

"Yangu."

"Pambo au kusikiliza?"

"Kusikiliza! Haraka!"

"Umemwonea muuzaji huruma?"

"Huruma gani? Mwanamke ananiuzia sauti yangu mwenyewe!"

Watu walipiga vigelegele mpaka wateja wa msusi wakatoka na vichana kichwani. Mama Kanda akapokea hela, akaitia kaseti, akairudisha nyuma kidogo, akabonyeza. Akaondoa kidole.

"Nikikua," mtoto akanong'ona, "mimi ndiye nitakaa kwenye kiti chako. Wewe utakuwa mteja. Na wewe sitakuonjesha nusu dakika. Wewe nitakuachia mpaka ikate."

Kisha kicheko cha mama kijana, kisha mkwaruzo mrefu, mrefu, na hakuna aliyesogea, mpaka utepe ukaisha na kitufe kikaruka chenyewe.

Chaja alikuwa anatazama sakafu. Alipangusa pua kwa mkono wa shati kama mwenye miaka ileile minne. Mama Kanda hakujifanya mgumu tena, alilia mbele ya wateja wote, analia na kucheka, na kwa mkono mmoja anakishika kichwa cha mwanawe kama mtu anayepima tikiti.

"Sasa wakubwa," mnunuzi wa plastiki akasema, "napakia au sipakii?"

"Mjibu," Mama Kanda akamwambia mwanawe. "Ni wewe uliyemwita."

Chaja akamsindikiza mpaka kwenye pikapu, akamsaidia kubeba magunia matupu.

"Leo hakuna mzigo, kaka. Samahani."

"Nirudi lini?"

"Nitakupigia."

"Hapigi!" ikatoka sauti ndani ya duka, na watu wakacheka. Chaja akarudi, akapita meza yake ya chaja bila kuitazama, akaingia. Mama yake alikuwa ameigeuza kaseti upande wa kwanza, na kile kiti chake nyuma ya kaunta kilikuwa wazi. Yeye amesimama upande wa wateja.

"Haya," akasema. "Kaa, uniuzie."

Chaja akakaa, akabonyeza, akaiacha mpaka ikate.